Karani wa forodha aliyewaandika Waingereza wa karne ya 14: uzi wa Geoffrey Chaucer na Hadithi za Canterbury

KaraniWaGati (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu.

Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, fasihi niliiacha kidato cha nne. Kwa Chaucer nimefika kwa njia ya kazi. Nilisikia kwamba huyu wanayemwita baba wa ushairi wa Kiingereza alikuwa mtu wa forodha, nikacheka. Watu wa forodha ninaowajua mimi hata salamu wanakuitikia huku wanaangalia saa. Nikafuatilia. Ni kweli tupu.

Mwaka 1374 Mfalme Edward III alimteua kuwa mdhibiti wa ushuru wa sufu na ngozi katika bandari ya London. Sufu kwa Uingereza ya wakati ule ilikuwa korosho, kahawa na dhahabu kwa pamoja; vita vya mfalme huko Ufaransa vililipwa na mgongo wa kondoo. Sasa sikilizeni utaratibu wao. Wakusanya ushuru walikuwa matajiri wa mjini, na baadhi yao ndio hao hao waliosafirisha sufu. Fisi kapewa bucha. Ndiyo maana akawekwa mdhibiti, ambaye kazi yake ni kuandika daftari la pili. Mkusanyaji anaandika lake, mdhibiti anaandika lake, halafu yanalinganishwa. Barua ya uteuzi ilimtaka Chaucer aandike kwa mkono wake mwenyewe, asitume kijana. Na muhuri wa kuruhusu mzigo ulikuwa na pande mbili, upande mmoja kwa mkusanyaji na mwingine kwa mdhibiti, ili mzigo usitoke kwa neno la mtu mmoja.

Alikaa kwenye kiti hicho miaka 12. Mshahara pauni 10 kwa mwaka (ishikeni hiyo namba, nitairudia). Mwaka 1376 alizawadiwa zaidi ya pauni 70, thamani ya sufu ya mfanyabiashara mmoja aliyeipeleka Dordrecht, Uholanzi, bila kulipa ushuru. Mgao mnono.

Hoja yangu ni moja. Kitabu chake kikubwa, Hadithi za Canterbury, alichokianza yapata 1387 baada ya kuachia kiti, ni daftari la pili la jamii yake. Kila mtu anakuja na maelezo yake mwenyewe: mimi ni mtakatifu, mimi ni msomi, mimi ni mwaminifu. Chaucer hambishii. Anaandika tu alichokiona kwenye mzigo.

Ngoja nipate chai, narudi.

Mshale_Mweupe

Nipo siti ya mbele. Tiririka mkuu.

NganoTupu

Wazungu wa mwaka 1300 na kitu wanatuhusu nini jamani? Bei ya unga umeiona lakini?

KaraniWaGati

@NganoTupu bei ya unga imo humu humu, subiri.

Mwaka 1348 tauni iliingia Uingereza. Ndani ya miaka miwili hivi ikafyeka kati ya theluthi na nusu ya watu wote. Chaucer alikuwa mtoto mdogo, baba yake mfanyabiashara wa mvinyo London. Wao walipona. Sasa fikirini kijiji kilichokuwa na vibarua 100 kimebaki na 55, na mazao yapo shambani yanangoja. Kibarua akagundua kwamba ana thamani. Akaanza kutaja bei yake, na asipopewa anahamia kwa kabaila wa jirani, hata kama kisheria ni mtwana asiyeruhusiwa kuondoka.

Wakubwa wakafanya nini? Wakatunga sheria. Ile ya 1351 ilisema mishahara irudi ilivyokuwa kabla ya tauni, na anayeacha kazi kabla ya muda wake ashtakiwe. Mwaka 1363 ikaja ya mavazi: mkokotaji na mchungaji avae nguo ya kuparuza ya kima cha chini, mke wa fundi asijitie manyoya ya wake wa wakubwa. Hiyo ya nguo haikudumu, ikafutwa muda mfupi baadaye. Lakini ukiona serikali inapiga marufuku mkulima kuvaa vizuri, jua wakulima wameshaanza kuvaa vizuri.

Kisha ikaja kodi ya kichwa. Naam, kodi ya kichwa, jina lile lile walilolijua babu zetu. Ya 1377 ilikuwa peni 4. Ya tatu, iliyopitishwa mwishoni mwa 1380, ikapanda hadi peni 12 kwa kila mtu aliyetimiza miaka 15. Juni 1381 watu wa Kent na Essex wakaingia London. Wakachoma kasri la Savoy la baba mdogo wa mfalme mpya, Richard II, wakamkata kichwa Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyekuwa pia Kansela. Padri wao John Ball alikuwa akiwauliza: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, bwana mkubwa alikuwa nani? Kiongozi wao Wat Tyler akauawa Smithfield mbele ya mfalme mtoto wa miaka 14, na ahadi zote walizopewa zikafutwa.

Waasi wa Essex waliingia kwa lango la Aldgate. Nyumba ya Chaucer ilikuwa juu ya lango hilo hilo, ghorofani.

Na katika maandishi yake yote, uasi ule kautaja kinagaubaga mara moja tu, tena ndani ya hadithi ya jogoo na mbweha! Mbweha kamkamata jogoo, kijiji kizima kinamkimbiza, kelele zinapanda, na Chaucer anasema hata Jack Straw, mmoja wa viongozi wa waasi, na genge lake hawakupiga kelele kali kama zile walipokuwa wanaua Waflandria. Waflandria ni wageni kutoka ng'ambo, mafundi nguo, waliochinjwa London siku zile kwa sababu ya ugeni wao. Mistari michache tu, halafu anarudi kwa jogoo. Mtumishi wa serikali anajua lini anyamaze.

MzeeWaKahawa

Hapo kwenye jogoo na mbweha umenikumbusha hadithi za bibi. Jogoo kaponaje?

KaraniWaGati

@MzeeWaKahawa kamponza mbweha kwa sifa, mzee wangu. Mbweha alimnasa kwa kumsifia sauti, jogoo akafumba macho awike, akadakwa shingo. Akiwa kinywani akamwambia mbweha: ningekuwa wewe ningewageukia hawa wanaonikimbiza niwatukane. Mbweha akafungua kinywa. Jogoo huyo, juu ya mti.

Turudi. Mpango wa kitabu ni huu. Watu wapatao 30 wanakutana kwenye nyumba ya wageni ya Tabard, Southwark, ng'ambo ya mto kutoka London. Wanakwenda hija Canterbury, mwendo wa kama kilomita 90, kwenye kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa na askari wanne wa Mfalme Henry II ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170. Mwenye gesti, Harry Bailly, anatoa wazo: kila mtu asimulie hadithi mbili kwenda na mbili kurudi, atakayeshinda alipiwe chakula cha jioni na wenzake. Chakula chenyewe, bila shaka, kitaliwa kwenye gesti yake. Biashara hiyo.

Mshale_Mweupe

Kwa hiyo ni basi la mkoani, safari ya mchana.

KaraniWaGati

Basi ambalo dereva kazima muziki, ndiyo.

Utamu uko kwenye zamu. Anaanza Shujaa wa farasi, mtu wa daraja la juu, na hadithi ndefu ya mapenzi na vita vya Wayunani. Heshima imezingatiwa. Mwenye gesti anamgeukia Mmonaki, wa pili kwa hadhi. Ghafla Mwenye Kinu, kalewa hata farasi hamkaliki vizuri, anapaza sauti: sasa ni mimi, la sivyo naondoka. (Ninamwita Mwenye Kinu. Kuna neno fupi zaidi la kazi yake linalotokana na kusaga, ila mnajua kwa nini nimelikwepa.) Anaambiwa asubiri wakubwa. Hasubiri. Anasimulia habari za seremala mzee wa Oxford, mkewe wa miaka 18, na mwanafunzi mpangaji anayemshawishi mzee kwamba gharika ya pili inakuja ili mzee alale ndani ya pipa darini. Mengine siyaandiki humu, modi atafuta uzi.

Tangu hapo foleni imevunjika. Nyapara wa shamba, ambaye ujanani alikuwa seremala, anahisi katukanwa, anajibu na hadithi ya mwenye kinu mwizi wa unga. @NganoTupu unga wako huo. Wanafunzi wawili wa Cambridge wanapeleka ngano kusaga huko Trumpington, mmoja anasimama juu kwenye mdomo wa kinu, mwingine chini, waone kila punje inavyoingia na kutoka. Bado wanaibiwa. Na Chaucer kawafanya wanafunzi hao waongee lafudhi ya kaskazini, ili wasomaji wa London wacheke.

Mimi naona zamu ile iliyovunjika imebeba miaka yote baada ya tauni. Kisheria Shujaa anafuatwa na Mmonaki. Kiuhalisia anafuatwa na yeyote mwenye sauti.

BintiPangani

Mleta mada unaandika vizuri, ila umeruka jambo. Hao wote wanaongea Kiingereza kwenye kitabu, na wakati ule Kiingereza hakikuwa lugha ya wakubwa.

KaraniWaGati

@BintiPangani asante dada, umeniwahi. Tangu Wanormandi walipoiteka nchi mwaka 1066, ikulu na mahakama ni Kifaransa, kanisa ni Kilatini, shambani ni Kiingereza. Mwaka 1362 ikapitishwa sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza kwa sababu wananchi hawaelewi wanachoshtakiwa. Sheria hiyo yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa! Chaucer angeweza kuandika Kifaransa akasomwa ikulu. Kachagua lugha ya Mwenye Kinu. Hata kifaa cha kupimia nyota, astrolabu, alikiandikia mwongozo wa Kiingereza mwaka 1391 kwa ajili ya mwanawe Lewis wa miaka kumi, kwa kuwa Kilatini cha mtoto kilikuwa bado kidogo.

Naye Mama Mkuu wa watawa kwenye kitabu anaongea Kifaransa kizuri sana, cha Stratford, mtaa wa London. Cha Paris hakijui. Ndilo daftari la pili hilo. Au wale mafundi watano wa vyama vya mjini: visu vyao vina fedha badala ya shaba, na wake zao wanapenda mno kuitwa "madame". Wamekuja hadi na Mpishi wao. Huyo Mpishi ana kidonda kwenye ugoko, na mstari unaofuata unasifia uji wake mweupe wa kuku.

MzeeWaKahawa

Astaghfirullah, nilikuwa nakula.

KaraniWaGati

Sasa Muuza Rehema. Huyu ndiye kilele, nampa nafasi.

Kanisa lilikuwa na utaratibu wa rehema, yaani kupunguziwa adhabu ya dhambi, na watu walizunguka nazo wakikusanya sadaka. Huyu wetu ana mfuko mpya kutoka Roma. Ana foronya anayosema ni shela ya Bikira Maria. Ana chupa ya mifupa ya nguruwe ambayo kijijini inakuwa mifupa ya watakatifu. Kabla ya hadithi yake anawaeleza wenzake kila kitu: nahubiri neno moja tu, kwamba kupenda fedha ni shina la maovu yote, na nalihubiri kwa sababu ya kupenda fedha. Anataja na mapato: marki 100 kwa mwaka. Marki moja ni theluthi mbili za pauni, kwa hiyo ni kama pauni 66. Mdhibiti wa ushuru wa bandari kubwa kuliko zote nchini, nimewaambia, pauni 10. Nafikiri Chaucer alilipiga hesabu hilo huku anauma kalamu.

Hadithi yake ni hii. Vijana watatu walevi wanasikia kwamba Mauti kamuua rafiki yao wakati wa tauni, wanaapa kumtafuta wamuue. Wanamkuta mzee sana barabarani, wanambana, anawaambia: Mauti nimemwacha chini ya mwaloni ule. Wanakimbia. Chini ya mwaloni kuna lundo la dhahabu. Mauti wanamsahau. Mdogo anatumwa mjini kununua mkate na mvinyo, huku nyuma wawili wanapanga wamchome visu akirudi. Naye mjini kanunua sumu ya panya, katia kwenye chupa mbili kati ya tatu. Anarudi, wanamchoma. Wanakaa wanywe kwanza kabla ya kumzika.

Halafu, huwezi kuamini, anawageukia wenzake wale wale aliowaambia kwamba ni mifupa ya nguruwe: haya, nani aanze kubusu masalia, senti tu. Anaanza na mwenye gesti. Jibu alilopewa linahusu sehemu za siri na kinyesi cha nguruwe. Ikabidi Shujaa awapatanishe.

Ustadh_wa_Ngamiani

Hadithi hiyo tunayo. Kwenye Alfu Lela Ulela wamo wezi wawili waliomwandama mfanyabiashara, kila mmoja akamtilia mwenzake sumu, wakafa wote, mfanyabiashara akachukua mali. Nao waliipata mashariki zaidi; katika visa vya kale vya Wabudha huko India ni wanyang'anyi, mmoja kapika wali wa sumu, mwingine kamsubiri na upanga. Akaua, akala. Kwa hiyo Mwingereza kapewa na Mwitaliano au Mfaransa, naye kapewa na Mwarabu, naye kapewa na Mhindi.

Jambo la pili. Tabibu wa kwenye msafara anasifiwa kwa vitabu alivyosoma, na humo wametajwa Ibn Sina, Ibn Rushd na al-Razi. Wale vijana wa sumu pia: msimulizi anasema hata Ibn Sina katika Kanuni yake hakuandika dalili za kutisha namna ile. Mlevi wa Kiingereza anakufa kwa rejea ya daktari wa Bukhara.

KaraniWaGati

Ustadh, shikamoo. Umemaliza kazi. Niongeze kwamba Tabibu yule alitunza fedha alizochuma wakati wa tauni, na alipenda sana dhahabu kwa sababu, anasema Chaucer, dhahabu ni dawa ya moyo. Basi, sina la zaidi juu yake.

BintiPangani

Mmejaa wanaume humu, Mama wa mji wa Bath hamumtaji. Alisoun, mfuma nguo, kiziwi wa sikio moja, mwanya mbele, Yerusalemu kenda mara tatu. Kaolewa mara tano, ya kwanza ana miaka 12. Anasema uzoefu unatosha, hahitaji kitabu kumwambia shida za ndoa. Mume wa tano, kijana aliyesoma Oxford, kila jioni anamsomea kitabu cha wanawake wabaya, kuanzia Hawa. Siku moja kamchania kurasa tatu na kumpiga ngumi akaangukia motoni. Kijana akamrudishia la kichwa, ndipo sikio likafa. Mwishowe akampa usukani wa nyumba na mali, na kitabu kikatiwa moto.

Na anauliza: simba alichorwa na nani? Maana kwenye picha simba ndiye anayeshindwa, na mchoraji ni mtu. Waafrika tunausema sana usemi wa simba na mwandishi wake. Yule mama kausema karne ya 14, kautoa kwenye ngano ya Esopo.

Swali langu: yeye mwenyewe kachorwa na nani? Mwanaume. Karani wako.

KaraniWaGati

Dada, hapo nimenyamaza. Kweli, na maneno mengi ya mdomoni mwake yametoka kwenye vitabu vile vile vya kuwasimanga wanawake ambavyo mumewe alivisoma. Chaucer kampa silaha za adui. Zingine zinamlipukia.

NganoTupu

Na huyo Chaucer wenu si alikuwa na kesi ya kumbaka binti? Nimesoma mimi. Mnasifia tu.

KaraniWaGati

Umesoma habari ya zamani. Ipo hati ya 1380 ambamo Cecily Chaumpaigne anamwondolea Chaucer madai yote kuhusu "raptus", neno la Kilatini linaloweza kuwa kubaka au kuchukua mtu. Kwa karibu miaka 150 tangu hati ile ijulikane, wengi walilisoma kama kubaka. Mwaka 2022 watafiti wakatoa karatasi nyingine za kesi hiyo hiyo. Mlalamikaji alikuwa Thomas Staundon, bosi wa zamani wa Cecily, na washtakiwa ni Chaucer na Cecily pamoja: kwamba Cecily aliacha kazi kabla ya muda, na Chaucer akamwajiri. Kesi ya kibarua, chini ya sheria zile za baada ya tauni. Mtu niliyewaambia anashika daftari la wenzake, na yeye kaandikwa kwenye daftari.

Lakini simtakasi. Hadithi ya Mama Mkuu inanikera mpaka leo. Mama huyu analia akiona panya kanaswa mtegoni, mbwa wake anawalisha nyama choma na mkate mweupe. Kisha anasimulia kisa cha Wayahudi kumchinja mtoto wa Kikristo aliyekuwa akiimba, uzushi mtupu ulioua watu Ulaya. Wayahudi walishafukuzwa Uingereza mwaka 1290. Msafara mzima huenda haujawahi kumwona Myahudi.

Ustadh_wa_Ngamiani

Wapo wanaosema Chaucer anamuumbua Mama Mkuu: machozi kwa panya, chuki kwa binadamu.

KaraniWaGati

Napenda iwe hivyo, maana inalingana na hoja yangu. Ila hadithi ikiisha, wote wanakaa kimya kwa uchaji. Muuza Rehema katukanwa, Mwenye Kinu kajibiwa. Huyu hakuna aliyembishia. Daftari la pili hapo halina kitu.

Mshale_Mweupe

Swali la mwisho kabla sijalala. Nani alishinda chakula?

KaraniWaGati

Hakuna. Hawakufika hata Canterbury. Hesabu ya mwenye gesti inadai hadithi kama 120, zipo 24, na baadhi zimekatika. Chaucer alifariki 1400.

Ninayoijutia ni ya yule Mpishi wa kidonda. Alianza vizuri: kijana anayejifunza kazi dukani Cheapside, London, mcheza kamari, kila harusi yumo, kila ngoma anacheza. Bosi kamfukuza. Kahamia kwa rafiki yake, ambaye mkewe alikuwa na duka la kuzugia, riziki yenyewe akiipata kwa kuuza mwili. Hapo ni mstari wa 58, na ndiyo mwisho. Katika nakala ya kale iliyoko maktaba ya taifa ya Wales, mnakili aliacha nafasi tupu, labda kitaletwa kipande kingine. Hakikuja. Akaandika pembeni kwamba hadithi hii ya Mpishi, Chaucer hakuiandika zaidi.